Lucien wa Samosata, Mtu Aliyepima Wakubwa kwa Kicheko



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma maisha ya wamisionari, ya wafalme na ya watu wa sayansi. Leo nawaletea maisha ya mtu wa kazi nyingine. Kazi yake ilikuwa kuandika mambo ya kuchekesha, na waongo wakubwa wa wakati wake walimchukia juu ya kazi hiyo. Jina lake ni Lucien wa Samosata. Aliandika kwa Kigiriki, karibu miaka mia moja kisha mtume Paulo. Wenye kusoma Kilatini na filozofia wanakutana na jina lake mara moja moja. Wengine pengine hawajalisikia hata siku moja.

Nimemchagua juu ya jambo moja. Hapa shuleni tunachekana sana. Tunamcheka mwenye kiatu kilichopasuka, tunamcheka mgeni aliyetoka kijijini anayekosea Kifaransa, tunamcheka mwenye kigugumizi. Kisha tunasema ni mchezo tu. Lakini kicheko haiko mchezo tu. Kicheko ni panga: panga lile lile linalofyeka shamba linaweza kumkata mtu mguu. Nafikiri maisha ya Lucien yatatusaidia kujua ni wakati gani panga hilo linafyeka majani mabaya, na ni wakati gani linajeruhi mtu bure.

MTOTO WA KANDO YA FRATI

Lucien alizaliwa karibu na mwaka 125 kisha Yesu, katika mji wa Samosata, kando ya mto Frati. Mto huo tunaujua toka darasa la dini, maana umetajwa katika Mwanzo sura ya pili. Zamani Samosata ulikuwa mji mkuu wa ufalme mdogo ulioitwa Commagène. Mwaka 72 Waroma waliunyang'anya ufalme ule, wakaufanya sehemu ya jimbo lao la Siria. Basi Lucien alizaliwa katika inchi iliyotawaliwa na wageni kwa miaka zaidi ya hamsini. Leo ile sehemu iko katika inchi ya Uturuki, na mji wa kale hauonekani tena. Ulifunikwa na maji ya bwawa la umeme la Atatürk karibu na mwaka 1990.

Lugha ya serikali na ya jeshi ilikuwa Kilatini. Lugha ya shule na ya vitabu ilikuwa Kigiriki. Na nyumbani? Lucien mwenyewe aliandika kwamba alipoanza masomo alikuwa bado anasema kama mshenzi, amevaa kanzu ya Kisiria. Wasomi wanafikiri lugha ya kwao ilikuwa Kiaramu, jamaa ya lugha ile aliyoisema Yesu. Sisi wa Kamituga hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hili mara mbili. Nyumbani Kilega, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa: tunajua vizuri uzito wa kujifunza hesabu na historia katika lugha ambayo mama hakutubembeleza nayo.

MJOMBA, JIWE NA NDOTO

Baba yake hakuwa tajiri. Lucien alipomaliza masomo ya kwanza, jamaa walikaa kitako kufanya shauri. Waliona kwamba masomo ya juu yanataka miaka mingi na feza nyingi, sawa vile wazazi wetu wanavyohesabu minervali kila mwisho wa mwezi na kukuna kichwa. Wakatafuta kazi ya mikono, kusudi mtoto alete kitu nyumbani upesi. Mjomba wake alikuwa mchongaji wa sanamu za mawe. Tena mtoto mwenyewe alikuwa na mkono mzuri: darasani alikuwa anakwangua nta ya kibao chake cha kuandikia, anafinyanga ng'ombe, farasi na watu, na walimu walimpiga juu ya hiyo. Basi shauri likakatwa, aende kwa mjomba.

Siku ya kwanza mjomba alimpa patasi na bamba la jiwe, akamwagiza agonge polepole. Mtoto akagonga kwa nguvu. Jiwe likapasuka. Mjomba akashika fimbo iliyokuwa karibu, na hivyo ndivyo Lucien alivyokaribishwa kazini. Alikimbia nyumbani akilia, akawaonyesha alama za fimbo. Mama yake alikasirika na kumtukana sana kaka yake.

Usiku ule Lucien aliota ndoto, na miaka mingi baadaye, alipokuwa mtu wa jina, alirudi Samosata na kuwasimulia watu wa kwao. Wanawake wawili walikuwa wanamvuta, huyu mkono huu, huyu mkono ule, karibu wampasue. Mmoja alikuwa Kazi ya Uchongaji: mwenye vumbi, mikono yenye sugu, nywele timutimu, anasema kwa kukwamakwama. Wa pili alikuwa Elimu: safi, mwenye maneno mazuri. Kila mmoja alijisifu. Lucien akamchagua Elimu, naye akampandisha katika gari lenye farasi wa mabawa, wakaruka juu ya miji na mataifa.

Wengine watasema hapa Lucien alifanya kiburi na kudharau kazi ya mikono. Pengine ni kweli. Lakini alisimulia ndoto ile kwa vijana maskini wa mji wake, kusudi wasikate tamaa ya masomo juu ya umaskini. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyoeleza mwishoni mwa hadithi. Na mtaona mbele kwamba hakuacha kabisa kuchonga: aliendelea kuchonga watu, ila kwa maneno.

MSEMAJI WA KULIPWA

Alikwenda Ionia, sehemu ya magharibi ya Uturuki ya leo, mahali palipokuwa na miji ya Efeso na Smirna. Kule alijifunza kazi ya ufasaha, ndiyo kusema mbele ya watu. Wakati ule mtu fasaha alikuwa sawa mwanamuziki mkubwa wa siku zetu. Alitembea mji hata mji, watu wanalipa kumsikiliza akisifu ao akishtaki, hata juu ya kitu kisicho na maana. Tunayo hotuba ya Lucien ya kumsifu nzi: aliwachekesha watu kwa kumpamba nzi sawa vile wengine walivyopamba wafalme. Alisafiri Ugiriki, Italia, na hata Gaule, ndiyo Ufaransa ya leo, ambako alipata mshahara mkubwa.

Angalieni sasa. Mtoto aliyesema kama mshenzi alifika mahali pa kuwafundisha wenye lugha. Kigiriki chake kilikuwa safi, cha namna ya Athene ya zamani, kiasi kwamba mpaka leo wanafunzi wa Kigiriki ulimwenguni wanapewa kurasa zake kuwa mfano. Hakuzaliwa nacho, alikitafuta kwa jasho.

Karibu na miaka arobaini ya umri, alichoka. Aliona kazi ile imejaa makelele, uongo na kujipendekeza kwa mahakimu. Akakaa Athene, akaanza namna mpya ya kuandika. Kusudi tuielewe namna ile, inatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia tano.

ARISTOPHANE NA PLATON, NAMNA WALIVYOUNGANISHWA

Athene ya zamani ilikuwa na michezo ya kuchekesha iliyochezwa mbele ya raia wote, siku za sikukuu ya mungu wao Dionysos. Mtunzi mkubwa wa michezo ile ni Aristophane, aliyezaliwa karibu na mwaka 446 mbele ya Yesu. Yeye hakuogopa kutaja majina. Aliwacheka majenerali, wanasiasa na washairi, nao wakiwa wamekaa pale pale kati ya watazamaji.

Lakini hapa tujifunze kuogopa panga lile. Mwaka 423 mbele ya Yesu, Aristophane alimcheka Socrate katika mchezo wa Mawingu. Alimwonyesha akining'inia hewani ndani ya kikapu, eti anachunguza jua, na akifundisha vijana namna ya kushinda kesi kwa uongo. Socrate hakuwa mtu wa namna ile, lakini watu walicheka, na kicheko kikabaki katika vichwa. Mwaka 399 Socrate alihukumiwa kunywa sumu. Mwanafunzi wake Platon aliandika kwamba Socrate, mbele ya waamuzi, alitaja mchezo ule kati ya masingizio ya zamani yaliyomharibia jina. Haiko Aristophane aliyemwua. Lakini kicheko chake kilikuwa kimetembea mjini miaka ishirini na nne mbele ya kesi.

Platon yeye aliandika mazungumzo. Watu wawili watatu wanaulizana na kujibizana, polepole, wakitafuta ukweli juu ya haki, ujasiri, roho na mengine. Ni maandiko ya heshima, hayakufanywa kwa kuchekesha watu uwanjani.

Lucien alichukua vitu hivi viwili, mchezo wa Aristophane na mazungumzo ya Platon, akavifunga nira moja. Alimfufua pia Ménippe, mtu wa Gadara, mji ulio ng'ambo ya ziwa la Galilaya, aliyeishi karne ya tatu mbele ya Yesu na kuwacheka wenye kiburi. Vitabu vya Ménippe vimepotea. Yeye mwenyewe anaishi ndani ya vitabu vya Lucien.

Watu walinung'unika juu ya mchanganyiko ule. Lucien akawajibu kwa kutunga kesi mbili za kuchekesha. Katika ya kwanza, mama Ufasaha anamshtaki kwamba alimwoa akiwa kijana maskini, akamletea mali, kisha mume akamwacha. Katika ya pili, mzee Mazungumzo anamshtaki kwamba zamani alikuwa anatembea mbinguni akizungumzia miungu na nyota. Sasa Msiria huyu amemshusha, amemvua sura ya heshima, amemvalisha sura ya kichekesho. Msiria anajitetea: mzee huyu alikuwa amekonda na kukunja uso, watu wanamkimbia, mimi nimemwosha na kumfundisha kucheka, sasa watu wanamsikiliza. Anashinda kesi zote mbili.

MTUMBWI WA CHARON

Kitabu chake kinachojulikana sana ni Mazungumzo ya Wafu, vipande vifupi thelathini. Wagiriki walisema kwamba mtu akifa anavushwa mto katika mtumbwi wa mzee anayeitwa Charon, na malipo ni oboli moja. Kwa hiyo waliweka feza ile ndogo mdomoni mwa maiti. Na anayewasindikiza wafu ni mungu wao Herme. Mnamkumbuka: watu wa Listra walimwita Paulo kwa jina lile, katika Matendo ya Mitume sura ya 14.

Katika kipande kimoja, mtumbwi ni mdogo na unavuja. Herme anaamuru kila mtu avue vyote mbele ya kupanda. Mfalme mkali anaacha nguo ya rangi ya zambarau, mali na kiburi. Kijana mzuri anaacha uzuri wake. Mpiga mieleka anaacha minofu. Mwenye filozofia akivuliwa joho, unaonekana mzigo mkubwa: uongo, ugomvi, maswali yasiyo na mwisho, na feza alizoficha. Ndevu zake ndefu zinakatwa kwa shoka la fundi wa mitumbwi. Ménippe peke yake anapanda upesi, maana mfuko wake na fimbo yake amekwisha kuvitupa.

Katika kipande kingine, Charon anamdai Ménippe oboli yake. Ménippe hana. Anamwambia mzee kwamba kwa asiye na kitu hakuna wa kutoza. Kama hapendi, amrudishe kwenye uhai. Tena amekwisha kusaidia kupiga kasia na kukumba maji, na kati ya abiria wote yeye peke yake hakulia.

Na kule chini kwa wafu anawakuta Crésus na Midas, wafalme waliojaa dhahabu. Wanakaa wakilia juu ya mali waliyoiacha. Ménippe anawazunguka akiimba na kuwacheka, mpaka wanakwenda kumshtaki kwa mkubwa wa wafu, wakitishia kuhama.

Ndugu, kipande hiki kingeandikwa kwa ajili ya Kamituga. Hapa kwetu dhahabu inachimbwa toka wakati wa wazee wa wazee wetu: kwanza kampuni ya MGL, kisha SOMINKI toka mwaka 1976, na leo wachimbaji wa mikono wanaoshuka shimoni na taa kichwani. Tunajua mizani ya mnunuzi, tunajua namna anavyokunja uso akitazama chembe za mtu aliyelala shimoni siku tatu. Lucien hasemi kwamba dhahabu ni mbaya, wala kwamba mchimbaji ana kosa. Anauliza tu: kwenye mtumbwi ule, mkononi kutabaki kitu gani? Bwana Yesu aliuliza jambo la jamaa hiyo katika mfano wa tajiri mpumbavu, Luka sura ya 12.

Tena wazee wa Bwami, hapa Bulega, walikuwa na namna yao. Walichonga sanamu ndogo za pembe na za mti, kila moja na mithali yake, na nyingine zilionyesha mtu wa tabia mbaya, kusudi anayefundishwa amwone na asifanane naye. Hawakumwita jirani kwa jina, walionyesha tabia. Lucien mchongaji angeielewa kazi ile.

MNADA WA WENYE HEKIMA

Siku nyingine alitunga mnada. Zeu na Herme wanauza wakubwa wa filozofia kama watumwa sokoni. Kila mmoja anapandishwa, mnunuzi anauliza anajua kufanya nini, bei inakatwa. Diogène, aliyejisifu kuishi kama mbwa, anauzwa oboli mbili tu. Wengine hawapati mnunuzi kabisa.

Watu wa shule za filozofia walikasirika, pengine kwa haki. Basi Lucien akaandika kitabu cha pili. Ndani yake wakubwa wale wanafufuka na kumshika, wanataka kumpiga mawe. Anaomba kwanza kesi isikilizwe. Anaeleza kwamba hakuwacheka wao. Aliwacheka wale wanaovaa joho lao na kufuga ndevu kama zao, huku wakipenda feza kuliko hekima. Anaachiliwa. Kisha anapanda juu ya mlima wa Athene na ndoana. Chambo chake ni tini na dhahabu. Anaitupa mjini, na kila anapovuta, anatoa mwenye hekima wa uongo aliyemeza ndoana.

Hapa tunaona tofauti na Mawingu. Aristophane alichukua jina la mtu mwema akalibandika tabia asiyokuwa nayo. Lucien, alipolaumiwa, alitafuta kutenganisha mtu wa kweli na yule anayejificha nyuma ya nguo.

ALEXANDRE NA NYOKA WAKE

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Lucien alimtaja kwa jina bila huruma, naye ni Alexandre wa Abonotique, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi. Alexandre alijifanya nabii. Alikuwa na nyoka mkubwa mpole, akampa jina Glycon, akasema ni mungu aliyekuja duniani. Alikaa katika chumba chenye giza, nyoka amemzunguka shingoni. Kichwa cha kweli cha nyoka alikificha kwapani, na mbele alionyesha kichwa cha kitambaa chenye sura ya mtu, ambacho mdomo wake ulivutwa kwa nywele za farasi. Watu waliandika maswali, wakayafunga kwa muhuri, wakalipa drakma moja na oboli mbili kwa kila swali. Usiku alifungua muhuri kwa sindano ya moto, akasoma, akafunga tena. Asubuhi mungu alikuwa anajua yote.

Mnacheka? Wakubwa wa Roma hawakucheka. Mzee mmoja wa cheo, Rutilianus, alioa binti wa Alexandre. Tauni kubwa ilipokuja, toka mwaka 165, Alexandre alituma mashairi ya kubandika juu ya milango kusudi yalinde nyumba. Lucien aliandika kwamba nyumba zenye shairi ndizo zilizopata wafu wengi, maana wenyewe walitegemea maandishi wakaacha kujilinda. Jambo hili haliko la zamani tu, sisi tuliopitia magonjwa makubwa tunalijua.

Lucien alimpima. Alituma karatasi yenye swali moja tu: siku gani Alexandre atakamatwa kwa udanganyifu wake? Juu ya karatasi aliandika kwamba maswali ni manane, akalipia manane. Nabii akaleta majibu manane, hakuna hata moja lililogusa swali. Baadaye walipokutana, Alexandre alimpa mkono aubusu, Lucien akauuma. Alexandre alijifanya kusamehe, akampa chombo cha kumsafirisha, lakini aliwaagiza mabaharia wamtupe baharini. Nahodha mzee aliyeishi kwa haki miaka yake yote alilia na kukataa, akamwacha nchi kavu. Lucien alitaka kumshtaki, lakini liwali wa jimbo akamsihi aache, juu ya yule mkwe mkubwa wa Roma.

Basi mlango wa mahakama ulifungwa, kukabaki mlango wa kicheko. Alexandre alipokwisha kufa, na mfalme Marc Aurèle naye kufa mwaka 180, Lucien aliandika yote. Je, alishinda? Si kabisa. Feza zenye sura ya Glycon ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, na mwaka 1962 sanamu ya jiwe ya nyoka yule ilifukuliwa katika mji wa Constanța, inchi ya Romania. Uongo unakufa polepole. Lakini siri ya kile kichwa cha kitambaa, leo tunaijua.

LUCIEN NA WAKRISTO

Kitabu kile kinasema jambo linalotuhusu. Mbele ya ibada yake Alexandre alikuwa anapiga kelele kuwafukuza watu wa namna mbili, Waepikureo na Wakristo, maana hawakudanganyika. Jina la Waepikureo mmelisoma katika Matendo sura ya 17, walipobishana na Paulo kule Athene.

Lakini Lucien hakuwa rafiki yetu. Katika maisha ya Pérégrinus, mtu aliyejichoma moto mwenyewe kule Olympia mwaka 165, anasimulia kwamba mtu huyu alikaa kwanza kati ya Wakristo. Alipofungwa, wajane na yatima walikuwa mlangoni mwa gereza toka asubuhi, chakula kikaletwa, na ndugu walitumwa kutoka miji ya mbali kumsaidia. Lucien anawacheka: watu hawa wanadharau mali, wanaitana ndugu, wanaabudu mtu aliyesulubiwa, kwa hiyo mjanja yeyote anaweza kutajirika kwao.

Ukristo wa karne ya pili ulipata hapa ushuhuda wa mtu asiyeupenda. Alitaka kutucheka, akatuachia picha ya kanisa linalopeleka chakula gerezani. Na lile onyo kwamba wajanja wanapenda mahali penye upendo, tusilitupe. Tumeona wangapi wakiomba sadaka kwa machozi, kisha wanapotea na mfuko?

MWISHO WA MAISHA YAKE

Lucien aliandika pia juu ya wasomi wanaojiuza kwa nyumba za matajiri wa Roma. Anasimulia mwalimu mmoja mzee, mwenye ndevu na heshima, aliyeombwa na bibi wa nyumba ambebee kijibwa chake safarini. Kijibwa kikatazama nje ya joho, kikalamba ndevu, na mwishowe kikazaa pale pale ndani ya nguo. Sisi wa mwaka wa mwisho, tunaotafuta Examen d'État na kisha kazi, tuisome hadithi ile mbele ya kuanza kubeba mbwa za watu.

Kumbe uzeeni yeye mwenyewe alichukua kazi ya serikali ya Roma katika inchi ya Misri, mahakamani kwa liwali! Alijua watu watamcheka, basi akawatangulia. Aliandika kitabu cha kujitetea, na ndani yake aliweka kwanza mashtaka yote ambayo adui angeweza kumtolea. Kisha akajibu kwamba kupokea mshahara kwa kazi ya watu wote haiko sawa na kuwa kijakazi wa tajiri. Kila mtu apime mwenyewe kama jibu lake linatosha. Mimi ninaheshimu kwamba hakujiondoa kwenye mizani.

Alikufa kisha mwaka 180. Kamusi moja kubwa iliyoandikwa kule Konstantinopoli karne ya kumi ilisema aliraruliwa na mbwa, kuwa malipo ya kuwacheka Wakristo. Wasomi wanaona hiyo ni hadithi tu. Alituachia maandiko karibu themanini yenye jina lake, ingawa mengine hayakutoka mkononi mwake.

Mwaka 1506 Erasme na Thomas More walitoa mazungumzo yake kwa Kilatini mjini Paris. Huyo Erasme ndiye aliyechapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, lile ambalo Luther alitumia chapa yake ya pili kwa kulitafsiri kwa Kijerumani. Luther hakupenda mzaha wa Erasme, akamlaumu kwamba anafanana na Lucien. Kwa hiyo hata kati ya wazee wa imani yetu, shauri juu ya kicheko halikukatwa upesi.

TUCHEKE NAMNA GANI?

Kwa maoni yangu, maisha haya yanatupa kipimo. Lucien aliwacheka wenye nguvu waliokula woga wa wanyonge, na tabia ambazo mtu amejichagulia: kiburi, tamaa, uongo. Mwenye kiatu kilichopasuka hakukichagua kiatu kile. Anayekosea Kifaransa yuko mahali alipokuwa Lucien mwenyewe na kanzu yake ya Kisiria, na hatujui atafika wapi. Tena anayetaka kuwacheka wengine, na apande kwanza mwenyewe juu ya mizani, kama mzee yule wa Misri.

Katika bweni letu kuna makelele ya kutosha. Siku moja tucheze kipande cha mtumbwi wa Charon mbele ya shule nzima. Ni watu wachache tu na benchi moja. Atakayekuwa mfalme aandae cha kuvua.

Nawatakia wote mitihani mema, na wa mwaka wa mwisho wenzangu, Mungu awatie nguvu.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho
Kamituga